Yule mtu wa Chihapo

Jijini Seoul, katikati ya majengo marefu ya hospitali, ipo nyumba ya zamani ya ghorofa moja. Ukipita haraka utadhani ni ofisi ya utawala. Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza mwanafunzi mwenzangu kupimwa macho, foleni ilikuwa ndefu, nikaona nizungukezunguke. Nikaingia. Nikapanda juu, nikafika kwenye chumba chenye dirisha, na kwenye kioo cha dirisha kuna matundu mawili ya risasi.

Mbele yangu alisimama bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume, labda miaka saba. Mtoto akanyoosha kidole kuelekea kwenye tundu moja, bila kuligusa, akauliza swali. Kikorea changu bado cha kubahatisha, lakini hilo nililielewa.

"Aliyempiga alikuwa Mjapani?"

Bibi akasema hapana. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ni mtu wetu."

Mzee aliyepigwa risasi pale ni Kim Gu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Juni 1949, naye ana miaka 72. Alikuwa ameiongoza serikali ya Korea iliyoishi uhamishoni China miaka 26 bila kumiliki hata jaruba moja la mpunga. Wajapani waliweka dau la won 600,000 kwa atakayemtoa, wakamkosa. Aliyempata ni Ahn Doo-hee, luteni wa jeshi la Korea, kijana aliyekuwa mwanachama wa chama cha mzee mwenyewe.

Wiki sita sasa, jibu la yule bibi halijanitoka.

Asubuhi ya Machi, 1896

Kila ninapotaka kumpenda Kim Gu moja kwa moja, nakwama Chihapo.

Chihapo ni bandari ndogo ya mkoa wa Hwanghae, upande ambao leo ni Korea Kaskazini. Kijana wa miaka 19 amelala kwenye nyumba ya wageni. Miezi mitano tu imepita tangu Wajapani wamuue malkia wa Korea ndani ya kasri lake na kuuchoma mwili wake. Nchi ina msiba, na msiba wenyewe hauna pa kuutua. Asubuhi wasafiri wanakula. Kijana anamwona mtu mmoja amevaa Kikorea, anaongea Kikorea, lakini kuna kitu kwenye matamshi yake. Kisha chini ya vazi anaona ala ya upanga.

Anajiambia: huyu ni Mjapani, na kama anajificha, basi ni mmoja wa waliomuua malkia, au ni wa genge lao.

Akamuua.

Halafu akaandika tangazo. Akaeleza kwamba ameua kulipa kisasi cha mama wa taifa, akaweka jina lake na mahali anapoishi, likabandikwa ukutani barabara ipate kulisoma. Akarudi kwao akasubiri wamfuate. Wakamfuata. Akahukumiwa kifo, Mfalme Gojong akaisimamisha hukumu, na mwaka 1898 akatoroka gerezani Incheon.

Katika kumbukumbu zake, alizoziandika akiwa mtu mzima, alisema yule mtu alikuwa ofisa wa jeshi. Nyaraka za wakati ule zinasema alikuwa mfanyabiashara kutoka kisiwa cha Tsushima.

Niliposoma hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Najua yanayosemwa kumtetea, na mengi yana uzito. Nchi ilikuwa inamezwa. Mahakama hazikuwa na meno. Upanga ulikuwepo kweli. Lakini ukiondoa hasira ya nchi nzima, kilichobaki mkononi mwa kijana yule ni matamshi na ala ya upanga. Kwa hivyo viwili mtu alikufa kabla hajamaliza safari yake.

Adui aliyemkaribisha kwake

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba mwaka mmoja kabla ya Chihapo, Kim Gu aliokolewa na adui.

Mwaka 1894 alikuwa kamanda kijana wa Donghak, lile vuguvugu la wakulima, akaongoza kikosi kuushambulia mji wa Haeju. Walishindwa. Katika mkoa huohuo bwana mmoja tajiri, Ahn Tae-hun, alikuwa ameunda jeshi lake mwenyewe la kuwaponda Donghak. Kwa hesabu yoyote ile, hawa wawili walipaswa kuuana. Lakini Ahn alisikia sifa za kamanda yule mdogo, akapeleka ujumbe wa siri kwamba wasishambuliane. Na baada ya kushindwa, alipokuwa hana pa kukimbilia, akamfungulia mlango akaishi kwake.

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na kijana mwingine, mtoto wa mwenye nyumba, hodari wa kulenga shabaha. Jina lake Ahn Jung-geun. Mwaka 1909 ndiye aliyempiga risasi Ito Hirobumi, waziri mkuu wa zamani wa Japani, kwenye kituo cha treni cha Harbin, China.

Kim Gu alikula chakula cha watu aliokuwa akipigana nao jana yake. Aliona kwa macho yake kwamba mtu wa upande wa pili anaweza kuwa mwema kuliko wengi wa upande wako. Halafu kule Chihapo hakuuliza hata swali moja.

Usiku wa polisi

Nikaendelea kusoma, nikiwa nimemkasirikia. Nikafika mwaka 1911.

Korea imekwisha kutwaliwa na Japani mwaka mmoja nyuma. Kim Gu sasa ni mwalimu, ana mke. Anakamatwa katika msako mkubwa wa wazalendo wa Hwanghae, ananing'inizwa na kupigwa hadi anazimia. Kuna mahali anaeleza usiku mmoja wa mateso hayo. Alfajiri ilipoingia, polisi walikuwa bado hawajaacha kazi. Naye, badala ya kuwaza maumivu, akawaza hivi: watu hawa wanakesha hadi kuche ili waimeze nchi ya wenzao; je, mimi nimewahi kukesha usiku hata mara ngapi kwa ajili ya nchi yangu?

Akaona aibu. Anasema machozi yalimtoka.

Nilirudia ukurasa huo mara tatu. Huyu si yule kijana wa nyumba ya wageni. Anamtazama mtesaji wake na anamwona kama mtu anayefanya kazi, mtu mwenye bidii, na anajipima kwa bidii hiyo.

Alifungwa miaka 17, akapunguziwa, akatoka 1915. Gerezani alijipa jina la Baekbeom. "Baek" kalitoa kwa wachinjaji, watu waliobaguliwa kuliko wote katika Korea ya zamani, na "beom" kwa mtu wa kawaida asiye na cheo. Na humohumo, akifagia ua na kufuta madirisha ya jela, aliomba dua moja: siku Korea ikipata serikali yake, apewe kazi ya kufagia ua wa serikali hiyo na kusafisha madirisha yake.

Mwaka 1919 serikali ya muda ikaundwa Shanghai. Kim Gu akafika, akaenda moja kwa moja kwa Ahn Chang-ho, waziri wa mambo ya ndani, akaomba kazi ya ubawabu.

Hakuwa anatania. Walimpa ukuu wa polisi.

Saa

Serikali hiyo ilifukarika vibaya. Wengi walikata tamaa wakarudi nyumbani, kodi ya pango ikawa shida, na Kim Gu akawa anakula kwa huyu leo na kwa yule kesho. Mkewe alifariki Shanghai mwaka 1924. Mama yake, Bi Gwak Nak-won, alikuwa akitoka kuokota majani ya kabichi yaliyotupwa, anachambua yanayofaa, anayatia chumvi yawe kitoweo.

Mwaka 1931 Kim Gu akaanzisha kikundi cha siri. Januari 1932 Lee Bong-chang akamrushia bomu mfalme wa Japani jijini Tokyo, akamkosa. Miezi mitatu baadaye akaja kijana mwingine, Yun Bong-gil, miaka 23, aliyeacha mke na watoto kijijini.

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili walikula pamoja. Kim Gu anasema Yun alikula kwa utulivu, kama mkulima anayeshiba kabla ya kwenda shamba. Saa ikagonga saa moja. Yun akatoa saa yake ya mfukoni, mpya, akasema: "Hii niliinunua jana kwa won 6. Yako ni ya won 2. Tubadilishane, kwani yangu imebakiza saa moja tu ya kutumika."

Wakabadilishana.

Mlangoni mwa teksi Yun akatoa hela zilizobaki mfukoni akampa. Kim Gu akamwambia, baki nazo kidogo. Kijana akajibu kwamba hata akilipa teksi zitabaki won 5 au 6. Kisha mzee akamwambia watakutana chini ya ardhi, na gari likaondoka kuelekea bustani ya Hongkew, ambako majenerali wa Japani walikuwa wakisherehekea.

Sijui msomaji mwingine analichukuliaje hili. Mimi huwa najiweka mahali pa yule mwenye miaka 55, amesimama barabarani, saa nzuri iko kwenye kiganja chake, anaitazama teksi inaishia. Historia ya bomu lenyewe iko wazi: Jenerali Shirakawa alikufa kwa majeraha, mwanadiplomasia Shigemitsu akapoteza mguu, na serikali iliyokuwa ikidaiwa kodi ikaanza kusikilizwa na Chiang Kai-shek, kiongozi wa China. Yun alipigwa risasi mwezi Desemba mwaka huohuo, huko Kanazawa, Japani.

Siku hiyohiyo ya bomu, katika msako, alikamatwa Ahn Chang-ho, aliyekuwa hahusiki. Yuleyule aliyeombwa kazi ya ubawabu. Akafungwa, afya ikaharibika, akafa 1938. Kim Gu alitoa tangazo hadharani kwamba mpango ulikuwa wake, watu wasio na hatia wasiteseke. Kwa mara ya pili maishani akabandika jina lake ukutani.

Yuan mia za majuto

Hapa ndipo nilipoanza kulainika, na sababu yake ni mwanamke mmoja wa kwenye mashua.

Baada ya bomu Kim Gu alifichwa kwanza na Mmarekani, mmisionari George Fitch, nyumbani kwake Shanghai. Kisha Wachina wakamhamishia Jiaxing, mji wa mifereji. Alijifanya mtu wa Guangdong. Aliishi na Zhu Aibao, mpiga kasia, waliofahamika kama mume na mke; mchana mashua inazunguka mferejini, usiku inatia nanga mahali pengine. Karibu miaka mitano mwanamke yule alimlinda, na muda wote huo alimjua tu kama mtu wa Guangdong.

Vita ya Japani na China ilipofika Nanjing ikabidi Kim Gu ahame, akamrudisha Zhu Aibao kwao. Katika kumbukumbu zake, zilizojaa mabomu na mawaziri, amesimama kidogo kuandika kwamba jambo linalomrudia mara kwa mara na kumuuma ni kwamba siku ya kuagana alimpa nauli ya yuan 100 tu. Hakuwa na zaidi.

Hakumwomba mtu amsamehe. Ameandika tu kiasi.

Miaka hiyohiyo mama yake alitoroka Korea akamfikia, baada ya kutengana miaka tisa. Kikorea kina maneno mengi ya "wewe", na mzazi humwita mtoto kwa lile la chini kabisa. Bi Gwak akamwambia mwanawe: kuanzia leo nitakuita kwa neno la heshima, na ukikosea nitakukanya kwa maneno, sitakuchapa tena fimbo, maana nasikia unaongoza vijana. Mwanawe alikuwa anakaribia miaka 60. Na wenzao walipochanga hela wamfanyie mama huyo sherehe ya kuzaliwa, alizipokea akisema atapika mwenyewe anachopenda. Akanunua bastola mbili, akawapa: pigeni nazo Wajapani.

Habari njema iliyomwangusha

Agosti 1945 Kim Gu alikuwa Xi'an, anakagua vijana wake waliokuwa wakifunzwa na Wamarekani ili wapenyezwe Korea. Akaambiwa Japani imesalimu amri. Anasema kwake haikuwa habari ya furaha. Ilikuwa kama mbingu zimeanguka. Aliogopa kwamba kwa kuwa hawakupigana vita hiyo, sauti yao mezani itakuwa ndogo.

Aliogopa sawasawa. Novemba akarudi Seoul, na Wamarekani walimtaka aingie kama mtu binafsi, serikali yake haitambuliki. Desemba, Moscow, mataifa makubwa yakakubaliana Korea iwekwe chini ya udhamini kwa hadi miaka mitano.

Sisi wa Tanzania neno hilo tunalijua kwa ladha nyingine. Tanganyika iliingia kwenye udhamini wa Umoja wa Mataifa Desemba 1946, na ni kupitia mlango huohuo Mwalimu Nyerere alifika New York mwaka 1955 kulihutubia Baraza la Udhamini. Kwetu ulikuwa ngazi. Kwa Kim Gu, mtu aliyekesha miaka 26 kwa ajili ya serikali, ilikuwa ni kuambiwa bado ni mtoto. Aliupinga kwa nguvu zote, na waliokuwa tayari kuujadili akawaona wasaliti. Nafikiri hapo alikosea. Kuna mwaka mzima ambao pengine mazungumzo yangezaa kitu, naye aliutumia kufunga milango.

Na hewa ya Seoul ilikuwa imechafuka. Wanasiasa walikuwa wakiuawa majumbani mwao. Desemba 1947 aliuawa Jang Deok-su, na waliokamatwa walikuwa na uhusiano na watu wa Kim Gu. Machi 1948 mzee akaitwa kutoa ushahidi mbele ya mahakama ya kijeshi ya Wamarekani. Alikana kuhusika. Lakini namwona pale kizimbani, na nyuma yake namwona kijana wa miaka 19 na tangazo lake. Vijana waliomheshimu walikuwa wamejifunza kutoka kwa nani kwamba ukimshuku mtu unammaliza?

Mstari

Ndipo akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Uchaguzi ulipangwa ufanyike kusini peke yake. Syngman Rhee, mwenzake wa zamani, alikuwa tayari. Kim Gu angeweza kugombea, angepata cheo, pengine kikubwa. Februari 1948 akawaandikia Wakorea wenzake kwamba afadhali afe akianguka kwenye mstari wa 38, ule uliotenga kusini na kaskazini, akiutafuta umoja, kuliko kusaidia kuunda serikali ya upande mmoja.

Mtu huyu alikuwa amewapinga wakomunisti tangu Shanghai. Hakuwaamini hata kidogo. Na tarehe 19 Aprili 1948 akajiandaa kwenda Pyongyang, kaskazini, kukaa nao.

Asubuhi hiyo umati ulijaa nje ya nyumba ile niliyoitembelea mimi. Wanafunzi, wafuasi, watu waliompenda, wamelizuia gari wakilia asiende. Ikabidi atokee nyuma. Ipo picha yake siku hiyo kwenye kibao cha mstari wa 38, amevaa nguo za Kikorea, kulia na kushoto mwanawe Kim Shin na katibu wake. Hatabasamu.

Pyongyang walimtumia. Mkutano ulikuwa umepikwa kabla hajafika. Walimwahidi umeme wa kwenda kusini hautakatwa. Tarehe 14 Mei, siku tisa baada ya kurudi kwake, ukakatwa. Uchaguzi wa kusini ukafanyika tarehe 10 Mei. Agosti ikatangazwa jamhuri moja kusini, Septemba nyingine kaskazini.

Wapo wanaosema alikwenda kudanganywa kama mtoto. Mimi sioni hivyo. Alijua anaowaendea ni akina nani kuliko wanaomcheka. Alikwenda akiwa na miaka 71, akijua huenda hatasikilizwa, kwa sababu baada ya maisha marefu ya kuwatambua maadui kwa kuwatazama tu, safari hii alitaka kwanza akae chini awasikie.

Nilipofika hapa ndipo nikakubali kwamba nampenda.

Miaka mia moja

Juni iliyofuata luteni yule akaingia nyumbani kwa mzee. Alikuwa amewahi kufika, walinzi wanamjua. Akapanda juu, akafyatua risasi nne. Akasema amefanya hivyo kwa ajili ya taifa.

Alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka mmoja kasoro siku moja tangu mauaji, vita ya Korea ikaanza, tarehe 25 Juni 1950. Akaachiwa, akarudishwa jeshini. Mwaka 1995 kamati ya Bunge la Korea Kusini ilihitimisha kwamba haikuwa kazi ya mtu mmoja.

Mwaka 1996, Ahn Doo-hee akiwa mzee mgonjwa Incheon, dereva wa basi alimfuata nyumbani akamuua kwa rungu. Dereva naye alisema ni kwa ajili ya taifa.

Chihapo ilikuwa 1896.

Hyochang

Jumamosi iliyopita nilikwenda bustani ya Hyochang, anakozikwa Kim Gu. Kulikuwa na wazee wanacheza karata chini ya miti na watoto kwenye baiskeli. Mwaka 1946 Kim Gu aliwarudisha vijana wake kutoka Japani: Lee Bong-chang na Yun Bong-gil, pamoja na Baek Jeong-gi, mzalendo mwingine. Wajapani walikuwa wamemfukia Yun kwenye njia ya makaburini ili watu wamkanyage. Mzee akawazika wote watatu pale, mstari mmoja. Kando yao akatengeneza kaburi la nne, akaliacha tupu, la Ahn Jung-geun, yule mtoto wa adui aliyemkaribisha. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Saa ya won 6 Kim Gu alikaa nayo hadi ile Jumapili ya Juni.

Nilisimama mbele ya lile kaburi tupu muda mrefu. Mtu aliyeweza kumtengea nafasi maiti asiyekuwepo. Nikatoa daftari nikaandika majina yao, kama ninavyofanya makaburini popote.

Halafu nikaandika na la yule wa nyumba ya wageni, ambaye jina lake halikuwemo kwenye tangazo la ukutani. Aliitwa Tsuchida Josuke.